Uzi: Adui asiyetokea hata ukurasa mmoja, unamjengaje?

KALAMU BUTU:

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikipitia miswada inayowekwa humu na kuna jambo linajirudia. Badala ya kuandika maoni yaleyale chini ya kila mswada, nimeona nilifungulie uzi wake.

Mtu ana wazo zuri tu: adui wa hadithi yake haonekani. Hana onyesho hata moja, tunamjua kupitia wengine. Halafu anaandika kitu cha aina hii (mfano nimeutunga mwenyewe, asijihisi mtu):

"Jina lake lilipotajwa, chumba kizima kilinyamaza. Wanaume wazima walitetemeka. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake usoni. 'Yule si binadamu,' alinong'ona mzee mmoja."

Msomaji hapo kapata nini? Kapata taarifa kwamba kuna watu wanaogopa. Yeye mwenyewe haogopi. Kutetemeka huko hakumgharimu mwandishi chochote, kwa sababu kunaweza kumhusu yeyote: jambazi, mchawi, mkaguzi wa hesabu, mama mkwe. Mtoe adui huyu, mweke mwingine, aya haibadiliki hata herufi. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Mwitikio unaoweza kuhamishiwa kwenye hadithi ya mtu mwingine bila kuguswa bado haujamjenga adui wako.

Msimamo wangu, na nitaugombania: adui asiyeonekana anajengwa na mazoea kuliko hofu. Watu walioishi chini yake muda mrefu hawatetemeki tena. Wameshapanga maisha yao kumzunguka, na wengi wao wamesahau kwamba waliwahi kupanga. Msomaji, ambaye ndiyo kwanza kaingia, ndiye anayeona kuna kitu hakiko sawa.

Nioneshe kwa mfano. Kuna kampuni kwenye jengo la ghorofa sita. Mmiliki wake wafanyakazi wanamwita Mwenyewe, basi. Steringi wetu ni karani, leo ni siku yake ya kwanza kazini.

Akakuta watu wanapanda ngazi na mafaili mikononi, wanahema. Lifti ipo palepale, mlango wazi, taa inawaka.
"Mbovu?" akamuuliza mama aliyekuwa mbele yake.
"Nini?"
"Lifti."
Yule mama akageuka kuitazama, akawa kama anajaribu kukumbuka. "Hapana, nzima. Si imefanyiwa matengenezo juzi tu."
"Sasa mbona..."
"Utazoea," akasema, akahamishia mafaili mkono wa pili, akaendelea kupanda.

Hapo hakuna aliyenong'ona wala jina lililotajwa. Lakini msomaji ameshaanza kuhesabu. Lifti inafanyiwa matengenezo, maana yake kuna anayeitumia, na kwa jinsi ngazi zilivyojaa, anayeitumia ni mmoja. Tazama pia kwamba yule mama hakuficha kitu. Kaulizwa, kajibu ukweli mtupu. Angekuwa anaficha, msomaji angeshughulika na siri yake yeye. Kwa kuwa hafichi, macho yote yanabaki kwenye lifti.

Huko mbele, tuseme sura ya tano, mtu anataja kwa kupitia tu kwamba kijana wa stoo aliwahi kupanda na Mwenyewe kutoka chini mpaka juu. Mlango ulipofunguka kijana alikuwa ameshakubali kusaini karatasi asiyoisoma. Ghorofa sita, haifiki dakika. Kuanzia hapo kila unapoandika neno lifti, adui yuko ndani ya onyesho, na wewe hujamlipia hata sentensi moja ya sura yake.

Ujanja wenyewe ni wa kale sana. Kwenye Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita vya Troy, Homer hatuelezi Helen, mwanamke aliyepiganiwa, ana pua gani wala macho gani. Anatupeleka juu ya ukuta wa Troy walikokaa wazee. Wanamwona Helen anakuja, wanaambiana kwamba haishangazi watu kuteseka miaka yote hii kwa ajili ya mwanamke kama huyu, ingawa ni heri arudi kwao. Mwaka 1766 Mjerumani Gotthold Lessing aliiandikia sehemu hiyo katika kitabu chake Laokoon, akawaambia washairi waache kuorodhesha viungo vya mwili, waoneshe uzuri umefanya nini kwa anayeutazama. Ubaya nao ni vilevile. Na mimi naongeza kitu kimoja: angalia Homer kachagua wazee, watu ambao vita vile vimewatafunia watoto. Vijana wangemsifu Helen nani angeshangaa?

Karibuni.

MTUNZI KIJANA:

Mkuu Kalamu, hapo kwenye lifti umenikamata. Ila nina swali. Naandika riwaya ya upelelezi, steringi wangu ni inspekta mzoefu. Huyo si mgeni wa kitu chochote, hashangai. Hayo mazoea nitayaonesha kupitia nani?

KALAMU BUTU:

Basi wewe mkononi una silaha tofauti: mhusika ambaye kiwango chake cha woga msomaji anakijua.

Chukua ile hadithi fupi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1893, aliyoitunga ili amuue mpelelezi wake Sherlock Holmes apumzike naye. Alihitaji adui wa kutosha kummaliza Holmes, na katika hadithi zote zilizotangulia hakuwa amemtaja mtu wa namna hiyo hata mara moja. Sasa unamleta Profesa Moriarty ndani ya kurasa chache na msomaji akubali? Kafanya hivi. Holmes anaingia kwa rafiki yake Dokta Watson usiku, anatembea ameambaa ukuta, anafunga madirisha na kuyakomea. Watson anamuuliza anaogopa nini. Jibu: bunduki za upepo.

Kwa mhusika mwingine huo ungekuwa woga wa kawaida. Kwa Holmes, ambaye tumeshamwona miaka kadhaa akikabili kila aina ya mtu, ni tetemeko. Halafu lile jibu lenyewe ni la kiufundi. Hakusema anaogopa kifo au shetani, katutajia aina ya silaha, kwa hiyo tunajua kwamba ameshafanya hesabu na hesabu imegoma. Karibu yote tunayoyajua kuhusu Moriarty yanatoka mdomoni mwa Holmes, na yanatosha, kwa sababu ya mdomo yanakotoka.

Kwa hiyo inspekta wako asiogope mapema. Tupe sura mbili tatu tuone anavyofanya kazi: anakaa vipi, anauliza vipi, anasinzia wapi. Tukishamjua, abadilishe kitu kimoja tu.

BIBI MSWADA:

Nimesoma nimekubali nusu. Nina miaka mingi kwenye kuhariri, acheni niseme.

KALAMU BUTU:

Shikamoo Bibi. Shusha.

BIBI MSWADA:

Marahaba mwanangu. Mazoea ni mazuri, lakini ukiwa na watu kumi na wote wana mazoea ya namna moja, umerudi palepale kwenye chumba kilichonyamaza, safari hii kimenyamaza taratibu. Ninachokitafuta kwenye mswada ni watu wasiokubaliana kuhusu adui. Kila mmoja anaye wake.

Mfano mzuri ninaoujua ni Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier ya mwaka 1938. Rebecca ameshakufa kabla kitabu hakijaanza. Hana onyesho. Msimulizi ni mke wa pili, binti mdogo mwenye wasiwasi, ambaye hata jina lake hatuambiwi. Sasa ona. Msimamizi wa nyumba, Bi Danvers, anamwabudu marehemu: chumba chake kimeachwa kama alivyokiacha, nguo ya kulalia ipo, brashi za nywele zipo. Wageni wanasifu uzuri wake na karamu zake. Halafu kule ufukweni kuna Ben, mtu ambaye akili yake haijakaa sawa, na yeye peke yake anamwogopa. Mume, kila jina la marehemu likitajwa, ananyamaza au anabadilika rangi.

Binti wa watu anausoma ukimya wa mume kama majonzi. Na sisi tunausoma pamoja naye, maana macho tuliyonayo ni yake. Mpaka mume anapofungua mdomo na kusema hakumpenda Rebecca hata kidogo, alimchukia. Ukirudi nyuma ukasoma upya, mume habadiliki hata ishara moja. Ukimya ni uleule. Kilichogeuka ni tafsiri. Kumbe yule aliyeonekana punguani ndiye aliyekuwa na taarifa sahihi tangu mwanzo.

MTUNZI KIJANA:

Bibi umetumalizia uhondo wote!

BIBI MSWADA:

Kitabu cha 1938 mwanangu, ulikuwa na nafasi.

Nilichotaka kusema: mwitikio mzuri unasomeka kwa njia mbili. Mtu akinyamaza, iwe inawezekana ni heshima na inawezekana ni chuki. Mtu akicheka, iwe inawezekana anadharau na inawezekana anajikomboa. Uache msomaji achague vibaya.

Na katika wote hao, anayetisha zaidi ni anayempenda adui. Turudi kwenye jengo la Kalamu. Mweke mama anayefanya usafi. Mwanawe aliugua, Mwenyewe akalipa hospitali yote, hakuna aliyemwomba. Tangu siku ile mama huyu kila Ijumaa anaacha kikaratasi mezani kwa katibu: nani alichelewa, nani alikaa na nani. Hakuna aliyemwomba hilo pia. Anafanya kwa moyo mweupe, anashukuru. Ukimwambia Mwenyewe ni mtu mbaya atalia.

DADA TAHARUKI:

Bibi hiyo ya vikaratasi nimeisoma mara mbili, nimeshika kichwa.

Niongeze la kwangu dogo. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Alisema, atakuja, hapendi: hakuna panaposema ni mwanamume au mwanamke. Unaweza kumpitisha adui riwaya nzima na msomaji akajipangia mwenyewe kwamba ni baba mmoja mwenye kitambi, kumbe sivyo. Ila inataka nidhamu, maana ukiteleza mara moja ukaandika "yule jamaa" au "mzee", umeuza mchezo.

Na kuna zile kauli zisizo na mtenda. Imeagizwa. Imeonekana ni vyema. Waoga ndivyo wanavyoongea, hasa kazini. Mhusika mmoja akiwa anaongea hivyo kila sentensi, halafu siku moja kwa hasira akasema "ameagiza", msomaji atashtuka bila kuambiwa ashtuke.

NGULI WA PEMBENI:

Nasoma tu nashangaa mnavyosifiana. Acha niwe mbaya wa uzi. Huu ujanja asilimia kubwa ni uvivu. Mwandishi hawezi kuandika adui mwenye akili, mwenye kauli, mwenye hoja, basi anamficha nyuma ya pazia halafu anaita ni mbinu. Nimevumilia kurasa mia tatu za lifti na ngazi, nataka kumwona mtu.

Mtatuletea filamu ya Jaws ya 1975. Sawa. Papa wa bandia alikuwa anaharibika kila akiguswa na maji ya chumvi, Steven Spielberg akalazimika kupiga picha bila papa, na watu wakaogopa zaidi. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Lakini mnasahau kwamba papa mwishoni anatokea! Anapanda juu ya mashua, anatafuna mtu mbele ya kamera. Deni limelipwa. Nyie mnataka kukopa tu.

KALAMU BUTU:

Mkuu Nguli, karibu, ulikuwa umekosekana.

Kwenye Jaws umesahau mapipa ya njano. Wanamchoma papa kwa vyuma vilivyofungwa mapipa, na kuanzia hapo tunachokiona juu ya maji ni pipa likikimbia. Likizama, tunajua kazama nalo, nguvu hiyo. Kwangu yale mapipa yanatisha kuliko meno. Nayasema kwa sababu watu humu wanadhani mwitikio lazima utoke kwa binadamu. Kitu pia kinamwitikia adui. Lifti inamwitikia.

Kuhusu deni, hapo tunatofautiana kweli. Nakubali msomaji anadai. Sikubali kwamba anachodai ni sura. Anadai mgongano: kile anachokitaka adui kikutane na kile anachokitaka steringi, mmoja apoteze. Hilo linaweza kutokea bila wao kukutana. J.R.R. Tolkien kwenye The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya 1954 na 1955, hampi Sauron, adui mkuu, onyesho la ana kwa ana. Vitabu vitatu. Kuna mahali mhusika Gollum, ambaye aliwahi kukamatwa na kuteswa kwa Sauron, anataja kwamba ule Mkono Mweusi wa Sauron una vidole vinne tu, na vinatosha. Basi. Ukitafakari, mtu anayejua idadi ya vidole alikuwa karibu kiasi gani? Kwa kipande kimoja cha mwili tumepata adui na tumepata mateso ya shahidi kwa pamoja.

Ndiyo maana napenda maelezo ya mwili yawe machache na yatoke kwa aliyelipa gharama ya kuwa karibu. Ukisambaza kwa kila mtu (huyu kaona kovu, yule kaona jicho la kioo, mwingine kaona pete), adui wako anakuwa picha ya kituo cha polisi.

Uvivu upo, sikatai. Najua unakotokea: mwandishi hamjui adui wake mwenyewe. Anadhani kwa kuwa haonekani, hana haja ya kumtunga. Ni kinyume. Adui anayeonekana unaweza kumgundua ukiwa unaandika, anaongea unamsikiliza. Asiyeonekana hana nafasi ya kukufundisha, inabidi uwe unamjua tayari. Mimi ninamfungulia daftari lake. Siku ambayo karani anaanza kazi, Mwenyewe yuko wapi? Anataka nini wiki hii? Nani kamuudhi? Amejuaje kwamba kuna karani mpya? Kijana wa stoo, ile karatasi ilikuwa ya nini, na kwa nini ilibidi asaini yeye asisaini mwingine? Hakuna hata mstari wa daftari hilo unaoingia kwenye riwaya, lakini kila mwitikio unaouona umetoka humo. Katibu akiwahi kuondoka Jumatano, mimi najua kwa nini, hata kama msomaji hajui. Siku nisipojua, nafuta.

NGULI WA PEMBENI:

Hilo la daftari nimelikubali. La deni bado. Msomaji aliyevumilia ana haki ya kufungua mlango wa ghorofa ya sita.

BIBI MSWADA:

Afungue mlango akute ofisi ndogo, safi, na mtu mpole anayemuuliza kama kapanda salama zile ngazi. Hapo nitakuunga mkono, Nguli. Miswada ninayoikataa ni ile ambayo mlango ukifunguliwa kuna jitu linacheka.

MTUNZI KIJANA:

Mhusika asiyemwogopa adui je? Kuna ile ya mmoja anayemcheka hadharani, usiku anakutwa amekufa. Inafaa?

KALAMU BUTU:

Imechakaa mkuu. Akicheka tu msomaji anamchimbia kaburi, hamna taharuki.

Jaribu hivi: mmoja anamcheka Mwenyewe, anapanda lifti, anashuka nayo, anapiga mluzi. Hakuna kinachompata. Wiki inapita, mwezi unapita, yuko salama. Sasa wenzake wanaanza kumkwepa. Wanahama meza. Wakimwona anakuja wanakatisha maneno. Kwa akili zao, asiyeguswa lazima awe mtu wake. Mwisho anaacha kazi kwa upweke, na Mwenyewe huko juu huenda hata hajui kwamba mtu huyo alikuwepo. Adui hakufanya chochote, watu wamemfanyia kazi yake.

MTUNZI KIJANA:

Dah. Haya wakuu, naweka kipande changu mnirarue. Adui wangu anaitwa Mkutubi, anakusanya barua na maandishi ya siri ya watu halafu anawakamua.

"Inspekta alimkuta shahidi amekaa gizani. 'Nitakuambia kila kitu kuhusu Mkutubi,' shahidi alisema kwa sauti ya kutetemeka. 'Ni katili. Ana akili kuliko sisi wote. Ana watu kila mahali. Ukimkosea mara moja tu, umekwisha.' Inspekta akahisi mwili kumsisimka. Akajua kesi hii si ya kawaida."

DADA TAHARUKI:

Gizani tena jamani. Washeni taa.

KALAMU BUTU:

Mkuu, shahidi wako amegeuka tangazo la redio. Anamnadi Mkutubi.

Jiulize mambo mawili kabla hujaandika upya. Mkutubi alimchukulia nini mtu huyu hasa? Na mtu huyu, mpaka leo, anaishi vipi tofauti na alivyokuwa akiishi kabla? Umesema adui anafanya kazi kwa maandishi ya watu. Hiyo ni dhahabu na hujaigusa. Katili na mwenye akili wako kila riwaya. Anayewakamua watu kwa mwandiko wao wenyewe yuko kwako tu.

BIBI MSWADA:

Na shahidi asiwe na hamu ya kusema. Anayesema kirahisi hana cha kupoteza. Kila neno limkate kidogo.

MTUNZI KIJANA:

Nimerudi. Jaribio la pili:

"Shahidi alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu mnyoofu, shati limepigwa pasi. Inspekta alimsogezea fomu na kalamu. Aliitazama kalamu, akairudisha upande wa pili wa meza.
'Mimi nitasema. Andika wewe.'
'Utaratibu ni uandike maelezo kwa mkono wako, mwalimu.'
'Mkono wangu hauandiki.'
Inspekta aliutazama mkono. Ulikuwa mzima, vidole vyote vinacheza. Akatupa macho chumbani. Vitabu vilijaa rafu mbili. Kalenda ukutani haikuwa na alama hata tarehe moja. Pembeni ya simu palikuwa na kidaftari cha namba, kimefunguliwa, kurasa nyeupe.
'Ulifundisha miaka mingapi?'
'Thelathini na moja.'
'Ubaoni ulikuwa unaandikaje?'
Mwalimu alicheka kidogo. 'Siku hizo nilikuwa naandika vizuri sana. Watu walikuwa wanausifu mwandiko wangu.'
Inspekta akajua Mkutubi ameshapita katika nyumba hii."

DADA TAHARUKI:

Kidaftari cha namba kitupu pembeni ya simu! Kwa hiyo namba zote ziko kichwani. Mwalimu wa hesabu. Nakupa maua yako.

BIBI MSWADA:

Sasa tunaongea. "Watu walikuwa wanausifu mwandiko wangu" usiiguse hata nukta. Mwandiko mzuri ndio unaotambulika kirahisi.

KALAMU BUTU:

Mkuu umepaa. Nina mawili tu.

Sentensi ya mwisho ifutwe. Msomaji keshajua, na inspekta akitangaza anachojua, anamnyang'anya msomaji kazi aliyoifanya mwenyewe. Usimtaje Mkutubi kabisa kwenye onyesho hili. Jina lake lilitajwa sura iliyopita, litatajwa sura ijayo, hapa halina kazi.

La pili, onyesho halijaisha. Maelezo ya shahidi lazima yawe na sahihi yake, na inspekta atamaliza kuandika, atageuza fomu, ataonesha mstari chini. Mwalimu wako atafanya nini? Umemfikisha pazuri halafu umemwacha. Mimi ningemfanya aombe wino. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja anaomba aweke dole gumba, anakifuta kidole kwa leso polepole, anauliza kama kimetoka vizuri. Na inspekta asiulize kwa nini. Kwenye fomu kuna kisanduku cha wasiojua kusoma na kuandika, akitie tiki.

MTUNZI KIJANA:

Kisanduku... mkuu umeniua. Nakwenda kuandika sasa hivi. Ila hiyo tiki inspekta anaitia kwa mwandiko wake mwenyewe, si ndiyo? Kwa hiyo maelezo yote yale yapo kwa mkono wa inspekta, na faili linakwenda kukaa masjala.

KALAMU BUTU:

Umeona sasa. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria. Sura ya ngapi hiyo?

MTUNZI KIJANA:

Ya nne. Kufika ya tisa naona inspekta anaanza kuwaagiza vijana wake wamwandikie ripoti.

NGULI WA PEMBENI:

Na mimi bado nataka kumwona huyo Mkutubi.